Wifi Haina Kosa

Saa tano na nusu asubuhi Mama Chapuchapu alifuta virusi ishirini na vitatu kwenye kompyuta yake, akajipangusa mikono kwenye gauni kama mtu aliyemaliza kupara samaki, akasema, "Kwisha habari yao."

Jina hilo alipewa kazini, kwenye duka la dawa, maana mgonjwa akiingia na karatasi alitoka na dawa kabla hajamaliza kukohoa. Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Virusi vyenyewe vililetwa na wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akikaa kwao wiki ya pili akijiandaa na mtihani wa kazi. Ilikuwa kazi ya ukarani mahakamani. Mtihani ni kupiga chapa dakika kumi kwa kompyuta, kupitia mtandao, saa nane kamili mchana siku hiyohiyo. Simu hairuhusiwi, na atakayechelewa amejifuta mwenyewe. Ili anyooshe vidole, wifi alipakua programu ya bure ya kufundishia chapa, na cha bure kikamtokea puani: tangu hapo kila ukurasa ulichipua matangazo ya kamari na mafuta ya kuotesha nywele.

"Nisamehe, wifi," alikuwa amesema.

"Ushasamehewa. Lete kiti."

Sasa virusi vimetoka, lakini mtandao nao umetoka navyo. Kila ukurasa uligoma kufunguka, ilhali alama ya wifi pale pembeni ilionyesha imejaa tele. Mama Chapuchapu alizima kile kisanduku cha wifi, akahesabu mpaka thelathini, yaani mpaka kumi na mbili, akakiwasha. Akabonyeza palipoandikwa "sahau mtandao huu", akauunganisha upya. Wapi! Akaiunganisha kompyuta na simu yake. Simu ilifungua kila kitu, kompyuta ikanuna.

Saa saba kasorobo akaenda jikoni kumpigia fundi, mzee mmoja ambaye hata nyumba ikiungua atakusalimia kwanza na kuuliza watoto. Chumba cha pili, wifi alikuwa akipiga pasi blauzi. Ukuta ulikuwa mwembamba, na alichosikia ni hiki:

"Fundi, wifi ndiyo imenivuruga tangu asubuhi... Nimeitoa. Ndiyo, nimeisahau kabisa, nikairudisha, iko vilevile... Mimi nimechoka nayo. Naona niiachilie mbali, nitafute nyingine."

Pasi ilisimama hewani. Kulaumiwa angevumilia, maana kosa alikuwa nalo. Lakini kusemwa "nimechoka nayo", kama stuli! Mama Chapuchapu alipoingia chumbani, simu mkononi, alikuta begi limefunguliwa kitandani na nguo zinakunjwa kwa hasira.

"Unakwenda wapi na mtihani uko saa nane?"

"Nakupisha, wifi. Umeshanitoa, umeshanisahau, unatafuta nyingine. Sijui kaka dada mwingine atamtoa wapi."

Mama Chapuchapu alimtazama, akatazama begi, akatazama simu. Kisha akaketi kitandani akacheka mpaka chaga zikalia.

"We mwanamke! Wifi ya kwenye kisanduku! Ile yenye taa!"

"Mbona ulisema imekuvuruga?"

"Ingekuwa ni wewe ningesema 'amenivuruga'. Tena ningekwambia usoni. Lini umenisikia nikisemea mtu jikoni?"

Hilo lilikuwa kweli. Siku yake ya pili pale aliambiwa mezani, mbele ya kaka yake, kwamba chai yake ni maji ya kusuuzia vikombe. Wifi akacheka naye, akijifuta machozi kwa mkono wa blauzi aliyotoka kuipiga pasi.

"Haloo?" simu ikasema polepole. "Mama, bado mpo? Nasema hivi, wifi haina kosa."

"Umesikia? Hata fundi anakutetea."

Saa saba na nusu walikuwa wote wawili mbele ya kompyuta, simu katikati imewekwa sauti ya juu.

"Mama, kule kwenye proksi uliangalia?"

"Niliangalia."

"Ukaona nini?"

Mama Chapuchapu akarudia: "Niliangalia, fundi."

"Wifi, nipishe kiti," akasema wifi.

Yeye alisoma neno kwa neno, kidole kwenye kioo, kama anayesoma mkataba. Mipangilio. Mtandao. Proksi. "Hapa pameandikwa: tumia seva ya proksi, imewashwa. Halafu kuna anwani, mia moja ishirini na saba, nukta, sifuri..."

"Ehee! Hiyo ni anwani ya kompyuta yenyewe. Sikilizeni, wanangu. Proksi ni tarishi. Barua zote zinapita kwake. Virusi vilijifanya tarishi humohumo ndani. Mama kavifukuza, kafanya vizuri. Lakini kompyuta haikuambiwa. Bado inampa barua mtu asiyekuwepo."

"Tarishi hewa," akasema Mama Chapuchapu.

"Na mshahara anachukua. Zima hapo, hifadhi."

Wifi akazima. Ukurasa wa mahakama ukafunguka mara moja, na juu yake saa ikihesabu kurudi nyuma: dakika kumi na mbili. Mama Chapuchapu alipiga kofi moja zito. "Haya, ingia!"

"Bado," akasema fundi. "Izimeni muiwashe. Kama kuna kirusi kimebaki, kitairudisha hiyo proksi, na heri kiirudishe sasa kuliko katikati ya mtihani."

"Fundi, hii kompyuta inawaka kwa dakika sita!"

Wifi aliitazama ile saa. Mtihani ulikuwa wake. Akabonyeza kuzima.

Katika dakika hizo sita Mama Chapuchapu alipanga viatu vya mlangoni mara mbili. Kioo kilipowaka, wifi akarudi kulekule, akasoma: imezimwa. Ikabaki imezimwa. Akaingia kwenye mtihani zikiwa zimebaki dakika tatu.

Mama Chapuchapu akambeba binti yake mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameamka usingizini, wakakae kibarazani, kwenye jua, wamwachie mtu nyumba. Dirishani vidole viligonga kwa mfululizo, kama mvua iliyoamua. Alikaa. Aliondoka mara moja tu. Mwishowe kukawa kimya, na wifi akatoka.

"Maneno sitini na moja kwa dakika. Wanataka hamsini. Wameandika nifike Jumatatu na vyeti."

Mama Chapuchapu alimkumbatia pamoja na mtoto, kwa nguvu kama anayefunga mzigo. "Na makosa?"

"Mawili. Yote mawili ulipofungua mlango kuuliza kama naendelea vizuri."

"Si ulikuwa unaendelea vizuri?"

"Sana."

"Basi njoo ule."