Dawa ya Dinah Iliyotiwa Maji

Maneno yalianzia kanisani, huko Lewisham, London, kwenye foleni ya chai: kwamba mtoto akishapewa mofini hospitalini, mwaka haupiti kabla hajageuka teja. Aliyeyasema ni Anastasia, huku akimega mandazi.

"Ni unga uleule, dada. Wametia sukari tu wakaita dawa. Mmea ni mmoja."

Teresia alijaribu kucheka, lakini maneno yakamganda. Nduguye Harrison alikuwa fundi wa redio kule Kisauni, Mombasa, kijana wa watu, unga ukamla mpaka akauza milango ya nyumba ya mama yao. Wakamzika ana miaka ishirini na sita. Na sasa binti yake Dinah, wa miaka kumi na miwili, mwenye sikoseli, ugonjwa wa damu unaotesa mifupa, alikuwa ametoka hospitali na chupa ya mofini ya kunywa, ya siku mifupa itakapomkaba.

Siku hiyo ikafika, Jumanne asubuhi. Dinah alijikunyata kwenye kochi, ameshika mbavu. Karatasi ya hospitali ilisema kibomba cha plastiki kijae mpaka alama. Teresia akavuta nusu, iliyobaki akajaliza maji ya mfereji ili mtoto asijue.

"Mum, haisaidii."

"Itasaidia, mamangu. Vumilia kidogo."

Saa sita akarudia vilevile. Kufika saa tisa Dinah alikuwa hapumui sawasawa. Kila akivuta pumzi kifua kilimchoma, basi akawa anazivuta fupifupi, kama mtu aliyejificha asisikike. Teresia akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini daktari alisikiliza kile kifua, akakunja uso. Nesi aliyekuwa naye aliitwa Kokila, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kwao.

"Umempa mofini kiasi gani, mama?"

"Kama ilivyoandikwa."

Kokila akamfasiria daktari. Daktari akasema kumbe dozi ile haimfai kitu, itabidi aongezewe sana. Teresia akapiga hesabu. Akikiri, si wataita watu wa soshali, wa ustawi wa jamii, wamchukue mtoto? Akinyamaza, wataingiza dawa nyingi kwenye mwili ambao hata ile kidogo haujaipata kamili.

Akamshika Kokila mkono. "Nimedanganya. Nusu ilikuwa maji."

"Maji? Kwa nini, we mama!"

"Ndugu yangu alikufa teja. Na wanasema dawa hii na unga mmea ni mmoja."

Kokila hakufoka. Alimgeukia daktari, wakasemezana, yule akakata alichoandika akaandika upya. Dinah alipokwisha kuchomwa sindano, Kokila akavuta kiti.

"Sikufichi. Mmea ni mmoja, afyuni. Mbegu zake mamangu alikuwa akizisaga akitia kwenye mchuzi, na hatukulewa hata siku moja. Nguvu iko kwenye utomvu wa tunda lake. Ndugu yako alijipimia mwenyewe, vitu vya vichochoroni. Huyu anapimiwa, kwa maumivu tunayoyajua, na yakipungua tunampunguzia. Lakini mtoto akishindwa kuvuta pumzi kwa uchungu, mapafu yanaziba. Hilo ndilo lililomleta hapa."

"Na soshali?"

"Wakiuliza, nitasema mama aliogopa, kisha akasema kweli. Ndivyo ilivyokuwa."

Mapafu yalichukua siku sita kufunguka. Siku ya nne Dinah, aliyekwisha kusimuliwa yote, akaomba chipsi, akamtazama mama yake kwa jicho la upande.

"Mum, maji ya mfereji? Hata sharubati hukuona?"

Teresia alicheka huku machozi yakimtoka. Siku ya kutoka akaomba karatasi kwa Kokila, akawaandikia akina mama wengine wenye watoto wa sikoseli:

Usipunguze dozi bila kuuliza. Wala usiongeze.
Usitie maji.
Usimpe mtoto mwingine, hata kama anakohoa.
Usiache chupa mezani. Ifungie.
Usichanganye na dawa nyingine ya kusinzisha.
Usingoje nyumbani akiwa na homa, au kifua kikiuma, au amesinzia haamki vizuri.
Usimdanganye nesi.