Mawaridi ya Ng'ambo ya Njia

Jumamosi asubuhi mshonaji alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba, anakata maua yaliyonyauka na kuyatia kwenye ndoo, aliposikia hodi. Aliyebisha alikuwa mwenyekiti wa chama cha bustani, mkunga mstaafu mwenye viatu vya mpira na sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Alikuja kumkumbusha kwamba maonyesho ya mwaka yamekaribia na kwamba safari hii meza ya mawaridi itawekwa karibu na madirisha. Halafu, huku akichungulia jani moja kwa chini, akasema kuwa baba wa mshonaji ameonekana jana jioni akipogoa mawaridi kule kwa mdogo wake mshonaji.

"Anatembea vizuri," mkunga alisema. "Na ule mkono wa kulia umerudi kabisa."

Mshonaji akauliza kama alikuwa amevaa kitu cha kumkinga. Mkunga akasema alivaa suti ile aliyozikwa nayo. Mshonaji akafarijika, maana jioni za siku zile zilikuwa na baridi.

Baba yake alifariki kabla ya mvua, baada ya kulala miaka mingi kwa kiharusi. Mshonaji ndiye aliyemuuguza. Alihamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa, akajifunza kushona huku akisikiliza pumzi. Pumzi ikibadilika, mguu unaacha kukanyaga. Wateja walizoea kupimwa sebuleni kwa kunong'ona, na wengine hawakuzoea, wakaenda kwa mafundi wengine. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja kwa kuwa alisimamia duka la vigae, alikaa ng'ambo ya njia, nyumba inayotazamana na ya mshonaji. Alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Alipopata nafasi alisimama mlangoni pa chumba, akamuuliza baba hali, akajijibu mwenyewe kwamba anaona ni nafuu, akaondoka. Mazishini alizungumza maneno mazuri mpaka watu wakalia. Kesho yake alikuja na mkokoteni, akavihamisha vyungu vyote vya mawaridi ya mzee, akisema baba alimwahidi. Ilikuwa kweli. Baba alimwahidi mbele ya mshonaji, wakati mshonaji akimlisha supu.

Hayakuwa mawaridi ya kawaida. Yalikuwa ya njano yenye ukingo mwekundu, na mzee aliyatoa kwenye mbegu kwa subira ya miaka, akitupa mche baada ya mche. Kwa Meneja yaliingiwa na vidukari, majani yakatoka madoa meusi, na shina moja likakauka kuanzia juu. Hapo ndipo baba aliporudi.

Jioni ile ya Jumamosi mshonaji alifagia baraza, akatoa kiti, akaacha geti wazi. Baba alitokea kwenye kona akitembea bila fimbo. Alipofika usawa wa geti alisema habari za jioni, kama mtu anavyomsalimu jirani, kisha akavuka njia na kuingia kwa Meneja. Mshonaji alidhani amesahau nyumba, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umemchanganya akili siku za mwisho. Basi jioni iliyofuata akawasha taa ya nje mapema. Baba akasalimu tena, akavuka. Ikawa hivyo kila siku. Watu waliokuwa wanarudi kutoka kazini walimwamkia mzee naye akawaitikia, na fundi baiskeli wa pale kona alimuuliza mara moja kama huko kuna watu wengi. Mzee alijibu kuwa wapo wa kutosha.

Mwishowe mshonaji aliacha kungoja barazani, akasimama njiani kabisa. Baba alipomfikia, yeye ndiye aliyeanza.

"Mkasi wangu wa kupogolea uko wapi? Wa mdogo wako ni butu."

Mshonaji aliingia ndani, akautoa, akaupaka mafuta kidogo na kuufuta kwa kipande cha kitambaa. Alipompa aliona kuwa vidole vya baba vinakunjika vyote, hata kile kidogo ambacho alikuwa akikinyoosha kwa maji ya moto kila asubuhi.

"Na kwangu hutapita, baba?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Kwako nipitie nini? Kwako si upo wewe."

Akavuka. Mshonaji alirudi ndani na neno lile, akaligeuzageuza kama kitambaa kisichojulikana uso na mgongo. Kuna upande lilionekana ni sifa. Akaligeuza tena, halikuwa.

Kwenye kikao cha chama mjumbe mmoja, mkulima wa nyanya, alilalamika kuwa Meneja anasaidiwa. Kanuni zilisema mshindani asiajiri mtunza bustani. Mkunga aliamua kuwa marehemu hajaajiriwa na mtu, tena ni mwanachama wa siku nyingi ambaye hajawahi kujiuzulu. Meneja, aliyekalia kiti cha baba yake, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wakaendelea na suala la konokono.

Seremala alimsindikiza mshonaji kutoka kikaoni, kama ilivyokuwa desturi yake tangu mazishi. Alikuwa amefiwa na mke, mkimya, mpandaji wa miti ya matunda isiyozaa sana. Alimpenda mshonaji tangu mzee akiwa kitandani, akamwambia wakati huo kuwa hana haraka. Sasa alikuwa ameongeza chumba nyumbani kwake, chenye dirisha pana upande wa asubuhi, urefu wa dirisha ukiwa sawa na wa mtu aliyekaa kwenye cherehani. Hakusema ni cha nani. Walikubaliana kuwa maonyesho yakipita, mshonaji ataenda kukitazama.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa shule. Mshonaji alipeleka waridi jeupe alilolikuza mwenyewe kwenye upande wa nyumba usiopata jua, likiwa kwenye kijukwaa alichochongewa na seremala. Meneja alipeleka yale ya njano. Yalikuwa yamepona, manene, ukingo wake mwekundu kama uliochorwa kwa ncha ya sindano. Jaji alisimama mbele yake muda mrefu bila kuandika kitu. Mwanga ulipoanza kupungua baba aliingia, watu wakampisha, akaenda kusimama kando ya mwanawe.

Kikombe kilikwenda kwa Meneja. Alikiinua, akasema hakuna alichofanya yeye, yote ni ya mzee wake, na kwamba mzazi ni mzazi hata akiwa kaburini. Watu wakapiga makofi. Baba alilia na hakujifuta. Suti ikalowa kifuani. Kisha alizunguka kutazama meza nyingine, kama alivyofanya kila mwaka. Alipofika kwa mshonaji, mwenye utepe wa mshindi wa pili, alilinyoosha jani moja kwa kidole, akasema ua hili halijambo, akaendelea kwenye vitunguu.

Mkunga alikuwa amesimama karibu. Alimshika mshonaji mkono juu ya kiwiko.

"Mlizaliwa mikononi mwangu nyote wawili," alisema. "Siku yako nilimtumia baba yako ujumbe aje akuone. Akajibu amalize kwanza kumwagilia. Siku ya mdogo wako aliuacha mpira wa maji ukitiririka, njia nzima ikawa matope. Nilidhani unajua."

Mshonaji alisema alikuwa anajua. Hakuwa anajua habari ya ule mpira wa maji.

Haikupita wiki, Meneja akabisha getini wakati wa kuwasha taa. Alikuwa na viatu vya kazini na jasho usoni.

"Dada, baba ameanguka kwenye vyungu. Mdomo umekwenda upande." Aliangalia chini. "Mimi mambo haya siyawezi, unanijua. Njoo umchukue."

Walimbeba pamoja. Mzee alikuwa mwepesi kuliko zamani na alinuka udongo uliochimbwa karibuni. Getini simu ya Meneja ililia, ikabidi apokee, na mshonaji akamalizia peke yake mpaka kitandani. Alimvua suti. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama ulivyolala siku zote. Akautia mto chini, akampindua ubavu, akatafuta kijiko kile chembamba kinachopita pembeni mwa mdomo. Yote aliyakuta mahali pake.

Seremala alikuja siku iliyofuata baada ya kusikia mtaani. Aliona kitanda kinayumba, akarudi kuchukua vifaa, akakaza mguu mmoja na kubadilisha ubao wa kati. Alifanya kazi polepole, huku mzee akimtazama kwa jicho moja lililo wazi. Alipomaliza, mshonaji alimtoa mpaka barazani.

"Mgonjwa ningemsubiri," seremala alisema. "Nilimsubiri. Marehemu sitaweza, mama. Yeye ameshakufa, hana tena pa kwenda."

Mshonaji alisema ni kweli. Alimshukuru kwa kitanda. Seremala akaondoka na sanduku lake la vifaa, akifuata ukingo wa njia, na alipopinda kona mshonaji aliendelea kuitazama kona.

Ndani baba aliita. Maneno yalikuwa yamevurugika, lakini mshonaji alikuwa na mazoea ya kuyapanga. Alikuwa anauliza kama mawaridi ya Meneja yamemwagiliwa. Mshonaji akasema bado. Mzee akaanza kuhangaika kitandani, macho yakienda ukutani, upande iliko njia.

Mshonaji alijaza ndoo maji, akavuka njia. Dirishani kwa Meneja televisheni ilikuwa imewashwa. Meneja alimwona, akainua mkono kumsalimu. Mshonaji akainua wake. Kisha akaanza na chungu cha kwanza, akimimina taratibu, anangoja udongo unywe, anamimina tena.