Fungate ya Tsuma

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, basi kesho niamke nimeisahau njia ya chooni kwangu mwenyewe. Nyinyi mliokaa barazani kwangu mkitaka ushahidi, ulizeni Kinondo nzima, ila msimwulize Mbodze. Mbodze siku hizi amezeeka na kumbukumbu zake zimeingia mchwa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa bendera yetu. Tsuma, mumewe Mbodze, alikuwa amepata kazi ya uaskari wa usiku katika hoteli mpya ya makuti kule Diani. Kazi ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu. Kabla yake askari wote wa mahoteli waliletwa kutoka mbali, kana kwamba sisi wa Pwani hatuna macho. Meneja, Mzungu mwenye masikio kama majani ya mvule, alimwambia: "Wewe namaliza miezi tatu, mimi naandika wewe na vijana kumi ya kwenu. Wewe nalala, nyinyi yote nalala."

Pale langoni palitundikwa kipande cha reli. Kila saa ilipotimia Tsuma alikigonga pigo moja kwa nyundo, na Meneja kitandani mwake alisikia akajua askari yu macho. Kufika mwezi wa tatu chuma kilikuwa kimenyamaza mara mbili. Meneja alikuja asubuhi, akamwonyesha vidole viwili, kisha kidole cha tatu akakielekeza barabarani. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Usidhani Tsuma alikuwa mvivu. Usingizi ulimkimbia mchana, ukamvizia usiku. Alikuwa akirudi Kinondo jua limeshapanda juu ya bahari, linamchoma macho njia nzima, tumboni ana birika zima la kahawa tungu aliyomalizia alfajiri, halafu ajilaze. Alijipindua kama chapati. Kope zilifumba, moyo ukapiga mbio. Mwiko wa jirani ulikwangua sufuria, yeye akasikia nyundo. Alianza kuona mambo: alimpigia saluti punda wa Mzee Abdurahman, na usiku mmoja, akiogopa asije akasahau, alikigonga chuma mapigo ishirini mfululizo hata wavuvi wa Galu wakatoka na ndoo wakidhani hoteli inaungua.

Tena dirishani pake palikuwa na jogoo, mwekundu, mali ya jirani yake Chengo. Chengo huyu alikuwa kijana mtanashati, mkweli, mgema hodari kuliko wote kutoka Tiwi hadi Msambweni, na jogoo wake alikuwa na sauti nzuri sana. Tsuma hakuwa na sikio la muziki.

Lakini jogoo alikuwa afadhali. Balaa lilikuwa wema wa watu. Kwetu mwanamume mzima akionekana kitandani mchana, ama ni mvivu ama ni mgonjwa. Siku ya kwanza Bibi Jumwa alipouliza, "Tsuma yuko wapi?", Mbodze aliona haya kusema mumewe amelala saa nne ya mchana. Akajibu, "Hajisikii vizuri, bibi."

Ndiyo ikawa. Mgonjwa kwetu haachwi peke yake. Kila Tsuma alipokaribia kuzama usingizini, hodi ilibishwa mlangoni.

"Pole, mwanangu. Umelala?"

"Nilikuwa nakaribia, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi lala, lala, usijisumbue." Na Bibi Jumwa akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza mmoja mmoja watu wote waliokufa kwa kuumwa namna hiyo.

Akatoka yeye, akaingia Mzee Abdurahman na Yasini yake. Akatoka mzee, akaja Chande mganga na chetezo cha ubani, akafukiza mpaka Tsuma akakohoa kweli. Wakasema: mnasikia, kikohozi hicho! Kesho yake wakaja mara mbili.

"Waambie ukweli, Mbodze," Tsuma alinong'ona, macho mekundu kama ya pweza wa kuchoma. "Waambie ninafanya kazi usiku."

"Wanajua unafanya kazi usiku. Wanasema ndiyo iliyokuua."

Siku ya pili baada ya vile vidole vya Meneja akaja Kathini, mama wa Kikamba aliyehudumia wodi za hospitali kule Msambweni. Alikuwa amepita kununua nazi, Bibi Jumwa akamkamata mkono: njoo umwone mgonjwa wetu, wewe ni mtu wa hospitali. Kathini alimtazama Tsuma ulimi na macho, akawafukuza watu wote nje, akafunga mlango.

"Wewe unaumwa bure," akasema. "Mimi miaka minne niko zamu ya usiku. Kahawa ya mwisho unakunywa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, nikingoja kukuche."

"Halafu unashangaa! Ikishapita saa sita ya usiku, maji tu. Ukitoka kazini funika macho. Jua la asubuhi likikuingia, mwili unadhani siku ndiyo inaanza. Hapa ndani kuwe giza, ziba dirisha na magunia. Lala saa ileile, amka saa ileile, hata siku ya mapumziko, usigeukegeuke. Ukiamka alasiri, hapo sasa toka uote jua. Na hawa wageni..." Akatikisa kichwa. "Hawa mimi sina dawa yao."

Jioni ile Tsuma aliondoka na leso ya Mbodze kwapani, nyeusi yenye maua ya manjano. Asubuhi akaacha koti la uaskari kwa mwenzake langoni, akajitanda leso gubigubi kichwani, akaacha tundu la kuonea vidole vya miguu yake, akashika njia ya nyumbani.

Sasa, saa ile Chengo alikuwa juu ya mnazi anagema. Mtu aliye juu ya mnazi huona mengi, ila huyaona kutoka juu. Aliona leso inakuja mbiombio, kichwa chini, kwa haya. Akaona Mbodze anafagia uwanja, kumbe mwenye leso si Mbodze. Akaona leso inaingia kwa Tsuma, mlango ukafungwa, na dirisha, ajabu, limezibwa magunia. Kijana mwerevu, akajumlisha mara moja. Alishuka mnazi bila kugusa vipago vya kukanyagia.

"Tsuma ameoa!" akamwambia Bibi Jumwa. "Bibi harusi ameingia sasa hivi. Na Mbodze mwenyewe ndiye aliyempa leso yake!"

"Mbodze? Moyo gani huo!"

"Wameanza fungate, bibi."

"Na kazi ya usiku?"

"Mzungu ana habari gani ya fungate?"

Basi, waungwana, fungate ni siku saba, na nani atapiga hodi kwenye fungate? Kumwuliza Mbodze ndiyo kabisa. Mke mkubwa hachokonolewi kidonda. Kinondo ikatembea kwa vidole. Michi ikahamishiwa nyumba za mbali. Chengo, kwa ungwana wake, akamfungia jogoo chini ya tenga. Kila adhuhuri sahani ziliachwa mlangoni zimefunikwa kawa, pilau, samaki wa kupaka, na Mbodze, akidhani ni za mgonjwa, akala zote asije akamwamsha.

Na Tsuma? Siku ya kwanza alijipindua mpaka adhuhuri. Siku ya pili akasinzia, akashtuka, akasinzia. Siku ya tatu alizama kama nanga. Siku ya nne alikoroma hata makuti ya paa yakawa yanainuka na kushuka. Usiku chuma kililia saa baada ya saa, pigo moja, safi, na masikio ya Meneja yakalala.

Siku ya saba wanawake wakaja na ngoma na vigelegele kumtazama bibi harusi. Chengo alitangulia.

"Bibi harusi yupi?" Mbodze akauliza, ufagio mkononi.

"Usimfiche, dada! Kama hamna mwali mle ndani, mchukue jogoo wangu!"

Mlango ukasukumwa. Gizani leso ilikuwa kitandani, inapanda, inashuka. Ngoma ikalia, aliyelala hakushtuka. Bibi Jumwa akaikunjua taratibu, kwa heshima zote, akakuta masharubu.

Kicheko ndicho kilichomwamsha. Tsuma akaketi kitako, akapapasa huku na huku. "Saa ngapi? Nimegonga?"

Mbodze akawaambia ukweli mbele ya watu wote: mume wangu si mgonjwa wala hajaoa, analala mchana ili agonge usiku. Tangu siku ile leso nyeusi ikitundikwa mlangoni, Kinondo ilijua kwa Tsuma ni usiku. Siku kumi zikaisha, chuma hakikukosa pigo, Meneja akaandika mmoja na kumi. Na Chengo, muungwana yule, akamtoa jogoo wake palepale bila...

"Alimtoa lini?"

Sauti ilitoka nyuma ya ua wangu. Mbodze, na mkongojo wake.

"Ah, karibu dada, hata sikukuona..."

"Alimtoa lini, Chengo? Jioni ileile mlimchemsha supu. Mimi nilisikia harufu kutoka uwanjani kwangu, na wewe ukatoka ukipangusa midomo, ukaniambia ameibwa na fungo wa porini, mla kuku."

Wageni wangu wakanitazama. Nikasema mambo ni ya zamani, nikasema kesho asubuhi na mapema nitamletea.

"Kesho asubuhi," akasema Mbodze, "utakuwa unatafuta choo. Nimekusikia ukiapa."

Nikainuka. Nilimkimbiza jogoo wangu uwanja mzima, wageni wakinionyesha kwa vidole alikoingia, nikamtoa chini ya kitanda, nikamfunga miguu. Mbodze akampima uzito kwa mkono mmoja.

"Mwekundu," akasema. "Sawasawa na yule." Akamtia kwapani. "Ngoja niende polepole. Mzee wangu amelala."