Tembe Moja Si Nyumba Moja

Katibu Bonaventura alipokuja kukigawa kijiji chetu katika nyumba kumi kumi, alihesabu mapaa. Kila nyumba kumi zingemchagua balozi mmoja, na mabalozi ndio wangeamua kisima kichimbwe barabarani au kwetu bondeni. Kule barabarani kuna vibanda vya mtu mmoja mmoja, vyote vikahesabiwa. Tembe letu, paa moja refu lenye wake watatu wa mzee Alute na wake wa wanetu wawili, likawa nyumba moja. Barabarani wakapata mabalozi watatu, sisi mmoja.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nimefura kwa hasira. Mimi ndiye mke mdogo, na utosi wangu ulikwisha kuchubuka kwa mitungi ya maji.

"Ndugu Katibu, hapa ukikaribishwa chakula, utakula kwa nani?"

"Kwa yeyote, mama."

"Basi si nyumba moja. Kila mmoja wetu ana jiko lake na ghala lake."

Kefa mwenye duka barabarani akasema tunajiongezea nyumba. Bonaventura aliutazama mwiko wangu, akacheka.

"Kila anayepika alete mwiko wake," akasema. "Wa barabarani huku, wa bondeni kule."

Miiko ikaja. Wengi wa vibandani hula kwa mama lishe, hawakuwa na wa kuleta. Kefa, asiye na mke, alileta mwiko wake, tukamcheka mpaka basi, lakini ukahesabiwa. Mafungu yakakaribia kulingana. Tukagawanywa upya, mabalozi wawili kwa wawili.

"Na wewe mzee," Bonaventura akamuuliza Alute, "tukuandike nyumba ipi?"

"Hayo ni mambo ya ndani!" akafoka. Wake wenzangu wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko.

Siku ya kuchagua balozi, watu wakipanga mistari nyuma ya wamtakaye, katika nyumba kumi zetu tulipendekezwa wawili, Alute na mimi. Mke kushindana na mume, nani aliwahi kuona? Wake wenzangu wakaja nyuma yangu. Alute akatazama mstari wake mfupi, kisha akauacha, akaja kusimama nasi.

"Mimi maji nayanywa tu," akasema. "Anayeyafuata ni huyu Mama Simeoni."

Sikugeuka, wasije wakaona machozi.

Katika kikao chetu sisi mabalozi wanne, wawili walivutia barabarani, wawili bondeni, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kisima kikachimbwa katikati. Si mlangoni kwangu, lakini siku hizi Kefa naye anatembea kuyafuata maji.