Kidole Gumba cha Lodu

Jumamosi saa mbili asubuhi, Juliet alitandika taulo juu ya meza ya uani, pale mtaani Nyakuron, akapanga vifaa vyake: beseni, sabuni ya vyombo, kipande cha fulana kuukuu, na chupa ya maji ya betri. Maji yanayoletwa na lori yanatoka mtoni, na yakikauka juu ya santuri yanaacha weupe unaokwaruza sindano. Ya betri, yale yasiyo na asidi, hayaachi kitu. Mwenye duka aliwahi kumpa ya asidi kwa bahati mbaya, na tangu hapo Juliet hunusa kwanza. Si vibaya, Juba ni mji wa kunusa kwanza.

Santuri zilikuwa arobaini na moja, zote za baba yake, Lodu, aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi tangu walipokuwa wakimbizi Nakuru. Yeye ndiye aliyemfundisha. Shika ukingoni. Sabuni tone moja. Futa kwa kuzunguka, kufuata mistari, wala usiikate. Usiloweshe karatasi ya katikati. Zikaushe zimesimama kwenye kichanja cha sahani, na usizilaze chini ya bati, maana joto la Juba litazikunja kama chapati. Zaidi ya yote, mtu asiguse uso wa santuri.

Miaka minane iliyopita, wanaume watatu walikuja na gari lisilo na namba wakamchukua Lodu. Hawakusema wanampeleka wapi.

Tangu mwezi uliofuata, kila Jumamosi santuri moja ilikuwa na alama mbichi ya kidole gumba, yenye kovu lililokatiza katikati. Lodu alipata kovu hilo kwa kufungua soda kwa kisu. Sanduku la santuri lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwa Mama.

"Mtu mwenyewe ndiye aliyetukataza kugusa," Mama alisema ile siku ya kwanza. "Sasa ona!"

Kisha alichemsha chai, na Juliet akaifuta ile alama. Kitambaa kilitoka na unga wa kijani, kama rangi ya ukuta inayobanduka. Ikawa hivyo kila wiki.

Shida ilikuwa nguo nyeusi. Mwaka wa pili, wanawake wa ukoo walimvalisha Mama nguo ya ujane, na nguo ile haivuliwi mpaka ifanywe karama, yaani maombi ya mwisho na chakula cha watu wote. Mama alikataa karama miaka sita mfululizo. Mwaka huu Marino, mdogo wake Lodu, alivuka daraja kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto, akiwa na mbuzi na tarehe ya karama. Karama ikishafanywa, Lodu ni marehemu, na marehemu hatafutwi.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," Marino alisema. Alikulia Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. "Lakini watu iko nasema mimi nimetupa ndugu yangu."

"Mume wangu alishika santuri juzi."

"Najua. Mimi niliona. Lakini kidole si mtu. Kama yeye iko hai, serikali iandike."

Basi wakaenda kuandikiwa kwenye ofisi ya serikali inayoandikisha watu waliopotea. Juliet alipanda boda na santuri ya wiki ile mapajani, ameishika ukingoni, ndani ya mfuko wake wa karatasi. Marino alibeba cheti cha uraia cha Lodu, chenye alama ya kidole chake kwa wino.

Karani aliweka santuri na cheti pamoja, akachukua lenzi, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu makini, lazima tumpe haki yake.

"Ni yeye," alisema. "Kovu hili hapa, na hili hapa. Aligusa lini?"

"Leo asubuhi," Juliet alijibu.

Karani aligusa pembeni mwa alama. Ilikuwa bado inanata. "Kalas, yamekwisha. Mtu anayeshika vitu nyumbani kwake hajapotea."

"Hayuko nyumbani. Ni kidole tu."

"Dada, kidole ni cha nani? Na kimeonekana wapi?"

Juliet alitoa mkobani kitambaa alichofutia alama ya wiki iliyopita, akakitandaza mezani, upande wa kijani juu. Halafu akatazama ukuta nyuma ya karani. Ulikuwa wa kijani kile kile, umebanduka usawa wa bega, na uliendelea kwenye ujia mpaka kwenye mlango wa chuma, ambapo askari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mlango ule unaenda wapi?"

"Stoo."

Karani naye aligeuka akautazama ukuta. Akatazama kitambaa. Alionekana mtu mwenye watoto na kazi ya kuilinda.

"Rangi ni rangi," alisema kwa sauti ya chini, akagonga muhuri. Karatasi ilisema: Hakupotea. Yupo. Faili limefungwa.

Nje, Marino aliisoma mara tatu, kisha akakaa ukingoni mwa mtaro akalia bila aibu. "Mimi nilikuwa naogopa kuzika hewa," alisema. "Mungu wangu, nilikuwa naogopa sana."

Mchungaji aliyeitwa kuongoza karama alipouona muhuri alisema hawezi kumwombea marehemu aliye hai. Mama alivua nguo nyeusi saa ile ile, akavaa kitenge cha manjano, na jirani zake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Mbuzi alikuwa ameshafika, basi akaliwa. Mama alicheza. Juliet hakuwahi kumwona mama yake akicheza, na alicheka hadi mbavu zikamuuma.

Jumatatu alirudi ofisini peke yake kuomba kumwona baba yake. Karani alimwambia hakuna faili, na pasipo faili hakuna mtu wa kuonwa. Askari alikuwa kwenye kiti chake. Juliet alisimama pale ujiani kama robo saa, bega lake ukutani, kisha akaenda kazini.

Jumamosi iliyofuata alama ilikuwa kubwa, na iling'aa. Alipoifuta ilisambaa badala ya kutoka.

"Mafuta," Juliet alisema. Kwa santuri hakuna uchafu mbaya kama huo. Vumbi linashika, mistari inaziba.

Mama alimpokonya santuri kwa mikono miwili, akainusa.

"Samaki," alisema. Alinusa tena, amefumba macho. "Samaki wa kukaanga. Juliet, wanampa samaki!"

Akaita jirani aje anuse.