Vyombo vya Siku Njema

"Siji kwako na begi moja kama mtu aliyeunguliwa nyumba," Friedlinde Aichele alimwambia binti yake kwenye simu, na hakulisema mara moja tu.

Binti huyo, Dorle, aliolewa ng'ambo ya ziwa, Uswisi. Tangu baba yake, Gotthilf, azikwe alikuwa akimbembeleza mama yake ahamie kwake, asibaki mjane peke yake kule kilimani Uschwabi, kusini mwa Ujerumani. Chumba kipo, kitanda kipo, hata kijiko kipo. Mkwe naye alichukua simu akasema, "Mama, wewe uje tu na begi lako, sisi tuna kila kitu." Alisema kwa wema, lakini neno lile lilimkaa Friedlinde kooni kama mwiba wa samaki. Anayeingia nyumba ya watu na begi ni mgeni, na mgeni huonyeshwa pa kukaa. Yeye alitaka kukaa kwenye kiti chake, ale kwenye sahani yake, na Jumapili aende kanisani kwa gari lake. Ama vyote vivuke mpaka, ama na yeye havuki.

Basi akakodi lori, na shemeji yake Erwin, mdogo wa Gotthilf, akakubali kuliendesha. Friedlinde mwenyewe akatangulia na Benzi ya kijani ya Gotthilf, taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, na nyuma yao msururu wa watu wenye haraka wakipiga honi.

Kabla ya hapo alikuwa amechambua vitu vyake wiki nzima. Kule kwao kila nyumba ina chumba cha Jumapili, na chumba hicho hakikaliwi. Ndani yake mna kabati la vioo, meza ya mwaloni inayong'aa, viti sita vilivyofunikwa shuka, sahani zenye ukingo wa bluu, na vitambaa vya kitani ambavyo msichana hutoka navyo kwao anapoolewa, vyenye herufi za jina lake zilizotariziwa pembeni. Hivyo huitwa vya siku njema. Watu hula jikoni, kwenye benchi, kwa sahani zilizobanduka. Mtoto akigusa mlango wa chumba kile huambiwa, "Toa mkono, hivyo ni vya siku njema," na mtoto huzeeka akiingoja siku hiyo.

Kwa hiyo Friedlinde alipochambua hakusitasita. Sufuria nyeusi, benchi, sahani zilizobanduka, mablanketi ya kila siku, vyote aliwapa watu wa kanisani. Huendi kwa watu wa nchi nyingine na vitu vilivyochakaa. Akapakia vya siku njema peke yake, kila sahani ndani ya gazeti, na alipomkabidhi ufunguo mwenye nyumba mpya, alishuka kilimani bila kugeuka nyuma.

Mpakani, afisa wa forodha aliyewapokea alikuwa mtu mrefu wa makamo, jina lake Stäheli, aliyezungumza polepole kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Alifungua nyuma ya lori, akapanda, akavuta shuka kwenye kiti kimoja. Akafungua gazeti moja, akaitoa sahani, akaigeuza.

"Hivi ni vyombo vyako vya kutumia, mama?"

Friedlinde akajinyoosha. Hilo alikuwa tayari kulijibu.

"Vya kutumia? La, bwana. Hivyo ni vya siku njema. Hakuna hata kimoja kilichochakaa. Unaweza kuangalia."

Nyuma yake akasikia Erwin akiguna kama aliyekanyagwa kidole.

"Havijatumika," alisema Stäheli.

"Mara nne. Harusi yangu, ubatizo wa Dorle, kipaimara chake, na msiba wa mume wangu. Na baada ya kila mara niliviosha mwenyewe."

Stäheli akairudisha sahani kwenye gazeti lake kwa uangalifu. Akashuka.

"Mama, sikiliza. Mtu anayehamia kwetu tunamruhusu aingize vyombo vyake bila ushuru, kama amevitumia mwenyewe angalau nusu mwaka na ataendelea kuvitumia. Hivi vyako ni vipya. Vipya ni bidhaa. Bidhaa zinalipiwa, au zinarudi zilikotoka."

"Nimekaa navyo miaka arobaini na zaidi!"

"Kukaa navyo si kuvitumia."

"Vilivyotumika nimevigawa," alisema Friedlinde, na sauti yake ikapanda bila yeye kutaka. "Ningewaletea masufuria meusi? Mngesema Waschwabi tumekuja kuomba."

"Tungesema karibuni," alisema Stäheli. "Sufuria nyeusi haina maswali."

Erwin akamvuta pembeni, nyuma ya gurudumu la lori.

"Shemeji, umetuuza kwa kiburi chako. Mtu anakuuliza unatumia, unajibu la! Sasa nenda umwambie umechanganyikiwa kwa safari. Mwambie mlikula humo kila siku. Mimi nitabandua sahani tatu nne kwa bisibisi, nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu si mtu wa forodha."

"Erwin, nyamaza. Sikudanganya nikiwa kwangu, sitaanza kudanganya mlangoni pa watu."

Akarudi kwa yule afisa, akasimama mbele yake. Alimfika kifuani tu.

"Sirudi," alisema. "Nyumba nimeshaikabidhi, ina watu wengine. Na sitakudanganya. Kwa hiyo utaniona hapa mpaka upate neno jingine."

"Tuanze na gari," alisema Stäheli akishusha pumzi.

Akaizunguka Benzi. Kwenye dirisha la nyuma palikuwa na kikofia cha sufu alichokifuma Friedlinde cha kufunika karatasi ya chooni. Afisa akakiinua, akachungulia, akakirudisha palepale kwa heshima. Kisha akainama kwenye usukani, akasoma kilomita, akatoa kichwa nje.

"Gari lina umri wa mtu mzima, na kilomita zake ni za mtoto mchanga. Nani amezirudisha nyuma kilomita hizi?"

"Hakuna. Kanisa letu lipo chini ya kilima. Hatukwenda kwingine."

"Miaka yote?"

"Na hospitali, mwishoni."

Stäheli akafunga mlango wa dereva. "Pole. Lakini hili lilikuwa la mumeo. Wewe ulilitumia?"

"Alikuwa akiendesha yeye. Mimi nilikaa pembeni."

"Abiria si mtumiaji, mama."

"Njoo huku," alisema Friedlinde. Akamvuta mkono wa koti, jambo ambalo watu hawamfanyii afisa. Akafungua mlango wa abiria. "Tazama kapeti la upande wa Gotthilf. Jipya, sivyo? Sasa tazama la kwangu."

Kwenye kapeti la upande wa abiria, pale kisigino cha kulia kinapokaa, palikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na chini yake bati lilikuwa linang'aa.

"Hapo ni nini?"

"Hapo ndipo nilipokuwa nafunga breki."

Stäheli akaliangalia tundu, akamwangalia yeye. "Upande huu hakuna breki."

"Ndivyo Gotthilf alivyoniambia kila Jumapili. Na kila Jumapili tulifika salama."

Erwin alicheka mpaka akashika ubavu wa lori. "Ni kweli, afisa! Kaka yangu alisema gari hili lina madereva wawili na mmoja hajawahi kuridhika!"

Mdomo wa Stäheli ulitikisika upande mmoja, lakini aliukamata. Akaandika.

"Gari limetumika," alisema. "Limetumika sana, upande mmoja. Lipite. Ila hayo ya kwenye lori, siwezi. Nyinyi watu wa kule juu mnafunika mpaka viti msije mkavikalia, halafu mnataka niandike vimekaliwa."

"Na nyinyi mnahesabu mpaka matundu ya jibini yenu," alisema Erwin.

"Ndiyo maana hayapotei. Naenda kula. Nikirudi, lori lielekee upande mmoja au mwingine."

Akaingia ofisini. Friedlinde alisimama katikati ya uwanja ule, malori yakipita kulia na kushoto. Angeweza kuvuka sasa hivi na Benzi yake na mkoba wake. Dorle angemfungulia mlango, mkwe angesema, umeona, mama, tuna kila kitu. Na angekaa kwenye kiti cha watu mpaka Bwana amwite.

"Shusha meza," alisema.

"Meza gani?"

"Kwani zipo ngapi? Shusha meza, Erwin, na viti vitatu. Nina njaa."

"Hapa? Shemeji, hapa ni forodhani!"

"Nilikuwa na sahani za kulia njiani, nimezigawa. Sina nyingine. Unataka nile kwa kiganja?"

Alipoona ameshapanda mwenyewe na kuanza kuvuta mguu wa meza, Erwin akamsaidia huku akisema maneno ambayo Friedlinde aliamua kutoyasikia. Waliiweka kwenye lami, kando ya Benzi. Dereva mmoja wa lori kubwa akateremsha kioo akauliza kama hoteli imefunguliwa. Friedlinde akamjibu kwamba inafunguliwa baada ya sala.

Akachukua kitambaa cha kitani, kile kikubwa chenye herufi zake. Akashika ncha mbili, akakikung'uta hewani kama mama yake alivyomfundisha.

Kikachanika.

Kilichanika pale pale kwenye mkunjo wa katikati, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesonya. Ufa wa urefu wa mkono. Friedlinde alibaki ameshika ncha zake mbili. Kitambaa hicho hakijawahi kumwagikiwa hata tone. Erwin alivua kofia yake kama yupo makaburini.

Stäheli alikuwa mlangoni mwa ofisi, andazi mkononi, akitazama. Akaja. Akaliweka andazi mfukoni, akaigusa ile mikunjo, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa imelika, rangi ya chai, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Umekifanya nini?" aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya afisa.

"Kila majira ya kuchipua nimekifua. Nimekianika majanini, nimekipiga pasi, nimekikunja kwenye mikunjo ileile, nikakirudisha kabatini. Mama yangu alifanya hivyo na vyake, na mama yake." Akakitandaza mezani, ufa ukiwa juu, katikati, hakuuficha. "Unaniuliza kama nimekitumia. Bwana, hiki kimenitumia mimi. Kazi hii yote ni yangu. Sasa niambie tena ni bidhaa mpya."

Hakungoja jibu. Akapanga sahani zenye ukingo wa bluu, akatoa saladi ya viazi, siagi, na mkate mtamu wa kusokotwa, akamimina kahawa ya chupa kwenye vikombe. Akainamisha kichwa na kumkaribisha Bwana Yesu mezani, pale pale kati ya moshi wa malori, kwa sauti ile ile aliyoitumia jikoni kwake. Kisha akakata mkate, akasogeza sahani ya tatu.

"Nikila hapo ni rushwa," alisema Stäheli.

"Basi usile. Simama utazame. Kutazama si rushwa."

Akasimama akatazama. Kisu cha Friedlinde kilikwaruza sahani na kuacha mstari, mstari wa kwanza, na yeye aliuona na akaendelea kukata. Erwin alikula kwa kasi ya mtu anayeogopa kufukuzwa.

"Sheria ina nusu ya pili," alisema Stäheli. "Mtu awe amevitumia, na ataendelea kuvitumia. Nusu ya kwanza, haya, nimeiona. Kitambaa kipya hakichaniki hivyo. Lakini ukifika kwa binti yako, unavirudisha kabatini, sivyo?"

Friedlinde aliacha kutafuna. Mtu mwingine angejibu upesi. Lakini ndiyo yake ilikuwa ndiyo, na ukishaitoa mbele za Mungu na mbele ya mtu wa serikali, hairudi. Aliona kabati la vioo. Alimwona mama yake akifuta ukingo wa sahani kwa kidole. Alimwona Gotthilf, ambaye mwaka wa mwisho, mikono ikimtetemeka, aliwahi kuomba supu yake kwenye sahani ya bluu, naye akamwambia ataivunja.

"Havirudi kabatini," alisema.

"Vitatumika Jumapili tu?"

"Kila siku."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu. Hata kwa uji."

"Una wajukuu?"

"Wawili. Wa kiume."

"Watavunja."

"Watavunja," alisema, na akamkazia macho. "Vitavunjika vikiwa kazini. Andika hivyo."

Stäheli akaivuta kalamu yake. Aliandika akiwa amesimama, karatasi akiiegemeza juu ya paa la Benzi, kisha akagonga mhuri, na mlio wake ukaifanya kahawa itetemeke kwenye vikombe.

"Fungasheni," alisema. "Na mama, hilo tundu la kapeti, liweke kitu. Barabara zetu ni safi lakini mvua ni ile ile."

Walipoanza kupakia, Erwin alichukua sahani, akatafuta maji. "Nikuoshee wapi?"

"Usioshe."

"Zina siagi, shemeji. Zina makombo."

"Nimekwambia usioshe."

Akazichukua mwenyewe, zikiwa chafu vile vile, akazipanga juu ya kiti cha abiria cha Benzi, juu ya kile kitambaa kilichochanika, bila gazeti. Akaingia, akafunga mkanda. Lango likafunguka. Wa nyuma akapiga honi, naye Friedlinde, kwa mara ya kwanza katika gari lile, akakanyaga mafuta mpaka chini. Sahani zikagongana kandoni mwake njia nzima, kengeleng'e, kengeleng'e, na hakunyoosha mkono kuzishika.

Dorle alikuwa barabarani anamngoja. Alifungua mlango wa abiria kumsaidia mama yake mkoba, akazikuta.

"Mama! Sahani za siku njema! Mbona chafu?"

"Ndiyo, chafu," alisema Friedlinde akishuka. "Niambie jiko liko upande gani, halafu uwaite wajukuu zangu waje kula."