Koplo Maadili

Koplo aliketi na kikombe chake cha chai, na benchi zima likahama. Sajini ndiye aliyeinuka kwanza, akisema jua linamchoma, ingawa kantini ya kituo ilikuwa na paa. Wengine wakamfuata. Koplo yule mwanamke akabaki na meza peke yake, akainywa chai kama dawa.

Jina la Maadili walimpa wao. Wote walihudhuria mafunzo ya maadili ya polisi, wote wakapewa vyeti, wakapigwa picha. Mkufunzi alisema ukiona kosa, sema. Koplo, maskini, ndiye pekee aliyedhani mtu yule anamaanisha. Wiki iliyofuata Sajini alimpiga kijana mmoja fundi cherehani katika chumba cha mahojiano mpaka akafa. Koplo alikuwa zamu kaunta, na wachunguzi walipokuja aliwaambia alichokiona. Sasa kesi ilikuwa inakaribia. Sajini alikuwa bado kazini, na shahidi alikuwa Koplo tu.

Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akampa kiti.

"Mwanangu, umemwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Niliulizwa, afande. Nikajibu."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Kawaambie hukuona vizuri. Wenzako watakurudia. Au huoni kwamba hata mwanao hana wa kucheza naye kule kota?"

Aliona. Aliona pia wake za wenzake walivyonyamaza kila alipofika bombani na ndoo. Upweke ule ulimuuma kweli. Angetoa chochote mtu amtanie tu, au abishe hodi kuomba chumvi.

"Kijana alikuwa anamwita mama yake, afande. Nilimsikia."

"Sote tulimsikia," alisema Mkuu, akainuka kumfungulia mlango.

Siku chache baadaye Koplo alitumwa kwenye nyumba ambamo mume alikuwa anamkatakata mkewe. Kazi ya namna hiyo huendewa na watu wawili. Mwenzake akaumwa tumbo ghafla. Matumbo ya kituo kile yalikuwa na tabia ya kuuma kila zamu ilipowaangukia pamoja na Koplo. Akaenda peke yake. Alimkuta mke analowa damu begani, akamvutia chumbani, akafunga, akaegemeza mgongo mlangoni. Upande wa pili mume alianza kuupasua mlango kwa panga.

"Kituo, kituo. Nahitaji msaada haraka. Mtu ana panga. Mnanipata?"

Redio ilikoroma tu. Akarudia, akataja mtaa, akataja nyumba. Ubao ukapasuka karibu na sikio lake.

"Afande, wanakuja?" mke aliuliza.

Koplo akaisogeza redio mdomoni. Akabonyeza tena. Safari hii ikatoka sauti ya Mkuu, tulivu kabisa.

"Tumekupata, Maadili. Subiri kidogo. Mkufunzi amerudi, tuko kwenye semina."

Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanapiga makofi.